Maswali Manne ya Wakili

"Leo siku gani, mama?"

"Ijumaa."

"Jumatatu. Tuanze tena."

Mwajuma alikuwa amejibanza nyuma ya mafurushi ya mashuka, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja pale The Pearl, jijini Doha. Mapumziko yalikuwa dakika ishirini, na zote alizimalizia kwenye simu. Kule Tanga, jirani yao Phyllis alimshikia mama, Bi Khadija, simu mbele ya uso.

Maswali yalikuwa manne. Leo siku gani? Jina lako nani? Una watoto wangapi? Nyumba unampa nani? Wakili alishasema: bibi akijibu yote sawasawa, hati itahamishwa. Akikosea, yeye hamwandikishi mtu asiyejitambua.

Daktari naye alishasema usahaulifu ule hauna kurudi nyuma. Siku mama atakapohitaji kulishwa na kuogeshwa, mambo yake yote yangeangukia mikononi mwa Twaha, kaka mkubwa, na Twaha alikuwa ameshaleta mnunuzi kupima kiwanja. Mwajuma alitaka kitu kimoja tu: mama auguzwe chumbani mwake, hadi mwisho.

"Nyumba unampa nani?"

"Mwajuma. Mwanangu wa pili."

"Safi kabisa!"

"Asante, mwalimu," alisema Bi Khadija, na Mwajuma akacheka. Mama yake hakuacha utani hata akiumwa.

"Mwalimu mzima!" alidakia Cheryl, Mkenya aliyekuwa akikunja naye mashuka. "Si hata mimi unifunze, supavaiza akiniuliza nilikuwa wapi nijue kujibu."

Walirudia hivyo wiki sita, kila siku. Salamu waliziacha, dakika hazikutosha.

Alhamisi ya miadi ikafika. Mwajuma alisimama palepale, simu mkononi. Kwenye kioo aliiona sebule yao, wakili na karatasi zake, Twaha amenuna mlangoni, na mama katika kanga mpya.

"Leo siku gani, bibi?"

"Alhamisi."

"Jina lako?"

"Khadija binti Athumani."

"Watoto?"

"Wawili. Twaha na Mwajuma."

"Nyumba unampa nani?"

"Mwajuma. Mwanangu wa pili."

Phyllis alipiga kigelegele. Cheryl alimkumbatia Mwajuma kwa nyuma, wote wawili wakilia. Twaha aligeuka, akaanza kuvaa viatu. Wakili akasogeza kidau cha wino wa kidole gumba, akaionyesha simu.

"Hongera, bibi. Naona na mwanao yupo hapa, anatuangalia."

Bi Khadija aliinamia kioo, akatabasamu kwa fahari.

"Huyu? Huyu mwalimu wangu, ndiye anayenifundisha kujibu. Mwajuma tangu aende Doha hajanipigia hata siku moja."