Saini ya Shemeji

Muuza silaha aliweka bastola mbili mbele ya Zamoyoni. "Hii ya magazini inabeba risasi kumi na tano, ila ikiingia vumbi inakwama. Rivolva ni sita tu, lakini haikwami."

Katika mji ule, mjane hakuuziwa silaha bila saini ya ndugu wa mumewe. Shemeji yake Mbaruku, aliyekwisha kumpora shamba la marehemu, alisaini huku akicheka.

"Mpe ya magazini," alimwambia muuzaji. "Huyu hana shabaha. Atawakosa wezi wote."

"Nipe rivolva," alisema Zamoyoni. "Mwizi wangu mimi ni mmoja tu, shemeji."

Kicheko kikakatika. Mbaruku akanyoosha mkono kuinyakua karatasi, lakini Zamoyoni alikuwa ameshaivuta upande wake, akiipuliza taratibu ili wino ukauke.