Unga wa Shaba

Tangu kiwanda cha nguo kibinafsishwe, mto ulikuwa ukishuka mwekundu kwa rangi zake za nguo, na mama yake Leonia akaiacha bustani yake ya mchicha.

Leonia, mkemia, alimleta maabara mjini Morogoro. Alimimina maji ya mto kwenye chupa, akatia unga wa buluu alioutengeneza kwa shaba, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho.

“Rangi inanasa humo, mama, kisha inavunjwavunjwa.”

Majaribio yote ya nyuma yalikuwa yamegoma.

Mama aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Wekundu ukafifia taratibu, hata akaviona vidole vya bintiye upande wa pili.

“Yanafaa kumwagilia?”

“Sijui bado. Lazima nijaribu kwenye mche.”

Mama alifungua pindo la kanga, akammiminia mbegu za mchicha kiganjani.