Mlango wa Wodi ya Watoto

Sikudhani, mkaguzi wa programu, alibandika michoro miwili kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine. Mchoro wa Halfani, mmoja wa waandishi wa programu ya milango ya hospitali, ulisema moshi ukitokea, mlango wa wodi ya watoto ufunguke. Wa mwenzake Tabu ulisema umeme ukikatika, mlango ujifunge, wezi wasiingie.

"Na moto ukikata umeme," Sikudhani akamuuliza mkuu wao, "mlango umtii nani?"

"Bi Siku, kila mtu kachora chake sawasawa. Kesho tunakabidhi kazi."

"Kauulize mlango wenyewe, shangazi," Tabu akacheka.

Mkuu akaibandua michoro, akaitenganisha, akaigonga mhuri mmoja mmoja. Kioo kikabaki kitupu. Ng'ambo ya barabara, mlango mpya wa hospitali ulijifunga taratibu nyuma ya mama aliyebeba mtoto.