Nyuma ya Spika

Ng'washi aliketi nyuma ya spika mbili kubwa kama makabati, maana mama mkwe hakai akitazamana na mume wa binti yake. Hakuelewa kwa nini wamtoe Buswelu, mpunga ukimngoja shambani, eti aje aone sinema ya nyumbani.

Tena hata hiyo sinema hakuisikia. Mkwe, tajiri wa sangara, aliziagiza spika hizo Ulaya, nazo kazi yao ni kurusha sauti mbele tu. Kule mbele vioo vya madirisha vilitetemeka. Huku nyuma kimya, kama mgongoni mwa jabali. Aligusa ubao wa spika kwa kiganja. Ulitetemeka kama ubavu wa ng'ombe mwenye homa. Akadhani amekuwa kiziwi.

Kisha akamsikia mkwe akipaza sauti ili mkewe amsikie katika ile ngurumo.

“Mama asijue kwanza. Wajomba zako wakifika ndio wamwambie kaka yako hatunaye tena.”

Kiganja kilibaki kwenye ubao. Ng'washi alikuwa na wana wawili wa kiume, mmoja ziwani, mwingine machimboni.

Akajifunga kanga kiunoni, akazizunguka spika, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza.

“Yupi?”