Kisanduku cha Nne

Kisanduku cha nne. Alitia alama ya vema harakaharaka, kabla mkono haujaghairi, halafu akaifunika fomu kwa kiwiko.

Swali lenyewe lilikuwa la kumi na nne: "Ni nani anayekutia hofu kuliko wote?" Chini yake visanduku sita. Mzazi. Ndugu. Mwalimu. Mlezi wa bweni. Mwanafunzi mwenzako. Hakuna.

Darasani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu akianguka hakuna anayesikia. Tangu aanze shule hii ya bweni hajawahi kunyoosha kidole. Leo hata kidole hakikuhitajika. Dada wa utafiti, aliyekuja na begi la fomu na kalamu mpya za bure, alikuwa amesema mbele ya wote:

"Tunataka kujua watoto wa rika lenu mnaendeleaje kichwani na moyoni. Msiandike jina. Fomu hizi mwalimu hazioni, mlezi hazioni, mzazi hazioni. Na tukiona mahali watoto wanaumia, tunakuja."

Tunakuja. Sindano aling'ang'ania neno hilo moja.

Sababu ilikuwa mdogo wake. Ameingia darasa la nne muhula huu, na ni mtoto wa machozi ya karibu. Sasa Mama Mlezi, yule wa bwenini, hakuwa na shida na watundu. Shida yake ilikuwa na wanaolia. Anayelia alipelekwa stoo ya magodoro, mlango ukafungwa kwa nje, mpaka "akauke". Sindano alikaushwa mara mbili mwaka wake wa kwanza. Tangu hapo usingizi anauokota vipandevipande, na akisikia tu viatu vya mtu mzima kwenye korido anajifunika shuka gubigubi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wenzake wote walikuwa wakimkimbilia Mama Mlezi kumpokea mkoba. Siku ya wazazi walimwimbia. Wazazi wenyewe walimwita mama wa pili.

"We, mbona jasho linakutoka?" alinong'ona Redio, jirani yake wa dawati, ambaye jina lake lilimfaa maana hazimiki. "Fomu tu hii, siyo mtihani. Mimi la usingizi nimewajibu nalala hata bati likiezuliwa."

"Na la kumi na nne?" Sindano alijikuta ameuliza.

Redio alitazama dirishani. "Hakuna. Nimwogope nani mimi?"

Alisema hivyo akiwa ameilalia fomu yake kifua kizima.

Wiki ya kwanza hawakuja. Kwenye foleni ya chakula mdogo wake alimsogelea. "Dada, Mama Mlezi kasema nikilia tena, mara moja tu, nitajua mwenyewe."

"Usilie basi. Ng'ata kola ya shati. Kuna watu wanakuja."

"Wanakuja lini?"

"Karibuni."

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mdogo wake alilia mstarini. Kisa, mwenzake alimkanyaga. Mama Mlezi wala hakupandisha sauti. Alimfuta machozi kwa kidole gumba, akasema, "Tutaonana baada ya chakula cha mchana, mwanangu."

Saa tatu gari la utafiti likaingia getini.

Sindano aliliona kupitia dirisha, na moyo ukamruka. Wamekuja. Wamesoma, wamekuja, na bado mchana haujafika. Alihesabu hatua za dada yule mpaka mlangoni.

Dada aliingia bila hata salamu. Aliweka rundo la fomu mezani kwa kishindo.

"Mmenivunja moyo," alisema. "Shule ishirini tumezunguka. Darasa lililokataliwa na mashine ni hili lenu tu."

Alichomoa fomu moja, akaiinua juu.

"Mashine yetu inasoma visanduku. Ikikuta darasa zima limejibu sawasawa, inajua wametazamiana. Haya, swali la kumi na nne. Fomu arobaini na moja, zote zimetiwa alama kisanduku cha nne. Arobaini na moja! Hata mapacha hawafanani hivyo. Ndio utani gani huo?"

Sindano aligeuka kumtazama Redio. Redio alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inamcheza. Akageuka nyuma. Hakuna aliyecheka. Madawati yote, watu walikuwa wanatazamana kama ndiyo kwanza wamekutana.

Ndipo Sindano akanyoosha kidole. "Dada, hatukutazamiana. Ni kwamba..."

"Shusha mkono. Sikuja kugombana na watoto." Dada alishaanza kugawa fomu mpya. "Mnarudia sasa hivi, mmoja mmoja, madawati mbalimbali. Na safari hii nimeomba msimamizi. Nimeambiwa huyu nyinyi wenyewe mnampenda mno, kwa hiyo hamtamwangusha."

Mlango ukafunguliwa, na Mama Mlezi akaingia huku anatabasamu.

Alipita katikati ya madawati polepole. Alisimama nyuma ya kila mtoto mpaka amalize ukurasa wa pili, wenye swali la kumi na nne, ndipo akasogea kwa mwingine. Alipofika kwa Sindano alimwekea mkono begani, wa upole kabisa, akauacha pale.

Kabla ya kengele ya chakula cha mchana mashine ilikuwa imesoma fomu zote arobaini na moja, na haikukataa hata moja.