Nyasi za Nyati

Pimbi hawakuwa wengi, lakini kilima chao cha mawe kilikuwa na chemchemi isiyokauka. Kila kiangazi nyati waliwaletea nyasi, zikahifadhiwa katika ghala la ukoo, na Bi Pimbi ndiye aliyezigawa bila upendeleo.

Mwaka mmoja nyati wakadai kilima ni chao. Kesi ikafika kwa hakimu, Tandala.

"Hawa ni wageni wetu," alisema Mzee Nyati. "Ghala lao tunalijaza sisi. Tangu lini mwenye nyumba akalishwa na jirani?"

Bi Pimbi aliona aibu, maana kulishwa walilishwa kweli. Tena alijua kwamba akiwabishia nyati, watoto wa ukoo wangelala njaa. Hata hivyo akasimama.

"Mheshimiwa, naomba umuulize hizo nyasi walituletea kwa ajili ya nini."

"Ili mturuhusu kunywa maji," Nyati alijibu kabla hajafikiri.

Tandala akamtazama. "Mzee, nani huomba ruhusa ya kunywa maji yake mwenyewe?"

Akaamua kilima kibaki cha pimbi. Kwa hasira nyati wakaacha kuleta nyasi. Ghala likawa tupu, Bi Pimbi akawa anagawa majani machungu ya miambani. Watoto walilia, na wakubwa wakamnung'unikia. Hakujitetea.

Jua lilipozidi kuwaka, Mzee Nyati alikuja na mzigo wa nyasi mgongoni, akasimama chini ya kilima.

"Hodi, wenyewe," akaita.

"Karibu, jirani," alijibu Bi Pimbi.