Ufa Tumboni mwa Ndege

Tangu mwanawe rubani apotee na ndege mwezi Februari 1996, Kaimenyi hakukanyaga chumba cha kijana huyo pale nyumbani Nkubu hadi leo alipoingia. Mezani alikuta ndege ndogo ya plastiki ambayo kijana alianza kuiunganisha likizoni, ikiwa haijamalizwa.

Akaamua kuimalizia kana kwamba iko angani, magurudumu yamekunjwa ndani. Lakini vifuniko vya tumboni vinavyoficha magurudumu havikukutana vizuri. Ufa mwembamba ulibaki kila upande. Aliujaza puti, ule ujiuji wa kuzibia nyufa, kwa ncha ya sindano, akailainisha kwa kidole chenye mate, hadi tumbo likawa kama halijawahi kufunguka.

Mkewe alikuwa mlangoni, akitazama.

"Mzee, magurudumu yako wapi?"

"Ndege ikishapaa huyaficha."

"Na itatua na nini?"

Mkewe akaja, akaichukua sindano, akaanza kuikwangua puti iliyokuwa bado mbichi.

"Usimfungie mwanetu huko juu," alisema.

Kaimenyi akamshikia ndege kwa mikono miwili, isimponyoke akikwangua.